Waulizeni Wazee Kazi ya Mikono Yao

Ombi langu ni dogo, nami nalitaja mapema asije mtu akasoma kwa wasiwasi akidhani mwishoni kuna bakuli la mchango. Kabla mwaka huu haujaisha, mtafute mzee mmoja wa ukoo wako, wa kuumeni au wa kukeni, ukae naye umuulize alichokuwa akikitengeneza kwa mikono yake. Usianze na nani alimzaa nani. Nasaba ina mahali pake, na wengi wetu twaweza kuitaja mpaka babu wa tatu au wa nne bila kukwama. Anza na kazi. Ulikuwa ukisuka nini, ukichonga nini, ukifinyanga nini? Nani alikufundisha? Uliharibu vingapi kabla hajakuachia chombo peke yako? Kisha nyamaza umsikilize.

Kilichonisukuma kuandika haya ni mtumbwi wa watu wanaokaa mbali sana nasi, nao ni mtumbwi wa gome la mti. Nitaueleza kwa kirefu, maana bila kuujua ulivyotengenezwa huwezi kuona ni kitu gani familia zile zilinyang'anywa, wala ni kitu gani baadhi yao wamekirudisha.

Wenyeji wa kaskazini mwa Amerika, tangu pwani ya Atlantiki wanakokaa Wami'kmaq, Wapassamaquoddy na Wapenobscot, hadi kwenye Maziwa Makuu (ya kule, si haya yetu) wanakokaa Waojibwe, walisafiri kwa karne nyingi katika mitumbwi iliyotokana na mbetula. Ni mti wa nchi za baridi, shina lake jeupe, gome lake jepesi lisilopenyeka maji. Mwaka 1603 Mfaransa Samuel de Champlain aliiona mitumbwi hiyo kwenye mto St. Lawrence, na alishangazwa na mwendo wake uliozidi ule wa boti za makasia alizokuja nazo. Biashara ya manyoya ilipokua, Wafaransa na Waingereza waliacha kujidai wakaitumia hiyo hiyo, wakaagiza mikubwa ya kufika mita 11, yenye kubeba tani kadhaa za mizigo na wapiga makafi wake. Nusu ya bara lile ilifunguliwa kibiashara kwa chombo kisicho na msumari hata mmoja.

Kazi huanza kwa kutafuta mti, na hapo ndipo siku nyingi huishia. Fundi anataka mbetula mnene, ulionyooka, usio na matawi upande wa chini, wenye gome nene lisilo na makovu. Hukata kipande kidogo, akakikunja huku na huku. Kikivunjika au kikiachana tabaka kwa tabaka, mti ule huachwa usimame. Mwanzoni mwa majira ya joto, utomvu ukiwa umepanda, gome huachia shina kwa urahisi. Huchanjwa mstari mmoja kutoka juu hadi chini, halafu hubanduliwa polepole kwa kabari za mbao, watu wawili watatu wakilipokea lisije likaanguka likapasuka. Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalitazamii: upande uliokuwa umegusana na mti, wenye rangi ya udongo, ndio utakaokuwa nje ukigusana na maji. Ule weupe unaosifiwa hubaki ndani, chini ya magoti ya wapiga makafi.

Gome hutandazwa juu ya ardhi iliyosawazishwa. Juu yake huwekwa fremu yenye umbo la mtumbwi, na juu ya fremu mawe mazito ya kukandamiza. Pande zake hukunjwa kwenda juu na kushikiliwa na vigingi vilivyochomekwa ardhini, huku likimwagiwa maji ya moto lilainike. Penye kupinda sana hukatwa, vipande vikapishanishwa na kushonwa. Uzi wa kushonea ni mizizi ya msprusi mweusi, mti wa ukoo wa misonobari. Hufukuliwa kwa mkono kwenye ardhi laini ya kinamasi, ikivutwa taratibu isikatike, halafu ikamenywa, ikapasuliwa katikati kwa urefu, ikalowekwa. Fundi hutoboa matundu kwa msharasi na kupitisha mzizi, akikaza kiasi, kwa kuwa akikaza kupita kiasi matundu huungana na gome huchanika. Kushona, kama vile kutafuta mizizi na kupaka ulimbo, mara nyingi kulikuwa mikononi mwa wanawake. Kwa hiyo anayesema mtumbwi ule ni kazi ya wanaume amesikia nusu ya habari.

Mbavu hutoka kwenye mwerezi mweupe, nao haupasuliwi kwa msumeno bali kwa kisu na kabari, ili kila ubao ufuate nyuzi zake wenyewe na usivunjike ukipindwa. Mbavu hulowekwa, humwagiwa maji yanayochemka, hupindwa juu ya goti, hufungwa zikauke na umbo lake. Ndani ya gome hupangwa kwanza vibao vyembamba mno, ndipo mbavu zikagongwa moja moja kutoka kwenye ncha zote mbili kuelekea katikati, mpaka gome lote likakakamaa. Fundi wa mashua wa leo aliyezoea kusimamisha mataruma kwanza na kupigilia mbao baadaye ataona kazi imeenda kinyumenyume. Ngozi hutangulia, mifupa ikafuata.

Mwisho ni ulimbo wa msprusi uliochemshwa na kuchanganywa na mafuta ya mnyama, pengine na unga wa makaa. Mafuta yakipungua, ulimbo hupasuka wakati wa baridi. Yakizidi, huyeyuka juani ukachuruzika. Fundi huchovya kipande cha gome ndani yake, hukitia kwenye maji baridi, hukikunja, hutazama, huongeza kidogo. Hakuna kipimo kilichoandikwa. Hata urefu na upana wa mtumbwi ulipimwa kwa viungo vya mwili, jinsi mabibi na mababu zetu walivyopima kwa shibiri, dhiraa na pima. Ujuzi wote huo ulikaa ndani ya watu, na njia yake ya kupita ilikuwa moja tu, mtoto kukaa karibu na mkubwa anayefanya kazi.

Njia hiyo ilikatwa, na haikukatwa kwa siku moja wala kwa sababu moja. Miti minene ilikwisha kwa kukatwa mbao. Mwishoni mwa karne ya 19 ukaja mtumbwi wa turubai, na mji wa Old Town katika jimbo la Maine ukawa na viwanda vyake, ng'ambo tu ya maji kutoka kisiwa cha Wapenobscot ambao wenyewe walikuwa mabingwa wa gome. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja mitumbwi ya alumini. Hayo ni mabadiliko ya soko, na kila nchi imeyaona.

Lililo zito zaidi ni shule. Nchini Kanada watoto wapatao 150,000 wa Wenyeji walichukuliwa na kupelekwa shule za bweni za serikali na makanisa, tangu karne ya 19 hadi miaka ya 1990. Marekani nayo ilikuwa na shule zake za namna hiyo, ile ya Carlisle ikifunguliwa mwaka 1879. Watoto wa pande zote mbili walikatazwa lugha zao. Mwaka 2015 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada ilichapisha ripoti yake ikiwa na miito 94 ya kuchukua hatua. Watu husoma ripoti kama hizo wakitafuta ukatili, nao umo mwingi. Mimi nafikiri pia juu ya kitu kimoja kisicho na kelele, miezi ya Juni na Julai. Mtoto aliyezuiliwa bwenini mwaka baada ya mwaka, hata akirudi nyumbani wakati wa gome, anarudi akiwa haelewi anachoambiwa na bibi yake. Bibi atamwelekezaje mzizi wa kuchagua?

Sasa nizitaje familia chache, kwa kuwa ndizo mfano ninaouleta kwenu.

Huko Kitigan Zibi, Quebec, William Commanda, chifu wa Waalgonquin aliyezaliwa mwaka 1913 na kufariki mwaka 2011, alitengeneza mitumbwi pamoja na mkewe Mary. Mjukuu wao Chuck Commanda alikua akiwatazama na kuwasaidia. Leo ni fundi, na anafundisha jamii nyingine ambazo mlolongo wao ulikatika. Huyu ndiye mwenye bahati: alipata mikono ya kuitazama.

Nova Scotia yuko Mmi'kmaq Todd Labrador. Fundi wa ukoo wake alikuwa Joe Jeremy, ambaye Todd ni kitukuu chake, na kilichomfikia Todd kilikuwa ni maelezo ya baba yake, Charlie. Maelezo si mtumbwi. Ilimbidi ajaribu, aangalie mitumbwi ya zamani iliyobaki, aunganishe anachokiona na alichosikia. Amekuwa akitengeneza mitumbwi hadharani katika hifadhi ya Kejimkujik, wageni wakitazama, na bintiye Melissa ameingia katika kazi hiyo. Maine alikuwako David Moses Bridges, Mpassamaquoddy, kitukuu cha Sylvester Gabriel aliyekuwa miongoni mwa mafundi wa mwisho wa kabila lake. Naye aliifuata kazi ya ukoo wake, akawa anafundisha katika jamii za Wenyeji wa jimbo lile pamoja na fundi Steve Cayard mpaka alipofariki mwaka 2017.

Tazameni tofauti iliyopo. Aliyekaa na bibi na babu alijifunza kama mtoto anavyojifunza kutembea. Waliokosa nafasi hiyo walilazimika kufanya upelelezi. Wote wamefika, lakini njia ya pili ni ndefu, ina hasara nyingi, na wengi huishia katikati.

Kuna msaada mmoja waliokuwa nao mafundi wa leo, nao ulitoka kwa mgeni. Mwaka 1887 kijana wa Kimarekani, Edwin Tappan Adney, alikwenda New Brunswick, akakutana na fundi wa Kiwolastoqey aitwaye Peter Jo. Mwaka 1889 alitengeneza mtumbwi akiwa naye, akiandika na kuchora kila hatua. Hakuacha tena. Kwa miaka sitini aliendelea kupima, kuchora na kutengeneza modeli ndogo, kwa kipimo cha moja kwa tano, zaidi ya mia moja, ambazo zimo katika Jumba la Makumbusho la Mariners' huko Newport News, Virginia. Alifariki mwaka 1950 kazi yake ikiwa marundo ya karatasi, mpaka Howard Chapelle alipoipanga ikatoka kama kitabu mwaka 1964. Mafundi wengi, Wenyeji na wasio Wenyeji, wamejifunza kutoka kitabu hicho.

Namshukuru Adney, na sioni haya kusema kwamba wivu unanishika pia. Kwa nini mjukuu wa Peter Jo apate maarifa ya ukoo wake kupitia daftari la mgeni? Jibu ninalo: mgeni aliuliza, akaandika, akahifadhi, wakati ambapo wenyewe walikuwa wakipigania kuishi. Sisi hatuna udhuru huo. Wengi wetu tuna simu mfukoni yenye kamera bora kuliko chochote alichowahi kukiota Adney, na mzee yuko kibarazani anakunywa kahawa.

Kuna filamu moja ningependa kila mwalimu wa sanaa aionyeshe darasani. Ilitengenezwa mwaka 1971 na Bernard Gosselin kwa Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada, na inamwonyesha César Newashish, Mwatikamekw wa Manawan mwenye umri wa miaka 67, akitengeneza mtumbwi tangu mti hadi majini. Hakuna sauti ya msimulizi inayokuelekeza uone nini. Kamera inakaa kwenye mikono. Ukiwa na mzee wako, fanya vivyo hivyo. Video nyingi za siku hizi zimejaa uso wa anayerekodi.

Nawasikia wasomaji wa Lamu, Pemba, Kigoma na Bukavu wakiuliza: sisi na mbetula wapi na wapi? Ukaribu upo, tena wa kiufundi. Mtepe wa pwani yetu ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, mbao kwa mbao, na kiwiliwili chake kilitangulia kabla ya mataruma kutiwa. Mwandishi wa Kigiriki wa karne ya 1 alikwisha kuandika juu ya vyombo vya kushonwa katika pwani hii. Mtepe ulidumu hadi karne ya 20, halafu ukatoweka, na mwaka 2003 ulipojengwa mmoja upya kule Unguja kwa ukubwa wake halisi, hakukuwa na mtepe wa asili uliobaki baharini wa kuutazama. Ukawekwa Beit al-Ajaib, na sehemu ya jumba hilo ikaporomoka Desemba 2020. Kwa upande wa bara, warina asali wa Tabora na Katavi wanabandua magome ya miti ya miombo kutengeneza mizinga, na kuna sehemu za ukanda huo wa miombo ambako mitumbwi ya magome imetumika kwa uvuvi. Mrina asali wa Sikonge angemwelewa César Newashish bila mkalimani, walau kwenye suala la gome lipi linafaa na lipi la kuliacha. Wangebishana kuhusu kuua mti, na ubishi huo ningelipa nauli kuusikia.

Halafu kuna ndugu zetu walioko kule kwenyewe. Portland na Lewiston, Maine, wapo Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wanaozungumza Kiswahili madukani na kanisani, wanaishi juu ya ardhi ya Wawabanaki, jina la pamoja la Wapassamaquoddy, Wapenobscot na jirani zao, na watoto wao husoma katika shule zilizo karibu na mito ile ile ya mitumbwi ya gome. Kwenu nyinyi nina ombi la nyongeza. Wapelekeni watoto katika Jumba la Makumbusho la Abbe kule Bar Harbor, au kwenye warsha yoyote ya wazi ya mafundi wa Kiwabanaki mkisikia ipo. Mlio Ontario, Peterborough pana jumba zima la makumbusho ya mitumbwi, lenye vyombo zaidi ya 600. Msiende kama watalii tu. Mwenyeji anayewaeleza kwamba lugha ya bibi yake ilikatazwa na kazi ya babu yake ikasimama, anazungumza na watu waliovuka mipaka wakiacha albamu za picha, vyeti na makaburi nyuma. Mna cha kuambiana.

Na hapo nafika kwenye sababu kubwa ya ombi langu la kuanzia na kazi. Wazee wetu wengi wamebeba mambo mazito: vita, kuhamishwa, utumwa katika ukoo usiotajwa, ndoa zilizovunjika, watoto waliozikwa kambini. Ukimkalisha mama wa miaka themanini ukamwambia "nieleze historia ya familia", atakutazama, atasema "tulikimbia, tukafika", atanyamaza. Wala si haki kumlazimisha. Lakini muulize alivyokuwa akisuka mkeka. Atakwambia miyaa hukatwa ingali michanga, huanikwa, huchanwa, hutiwa rangi, ukili husukwa kwanza na kushonwa baadaye. Atataja alikokuwa akiitafuta, na rafiki aliyekwenda naye. Kutoka kwa rafiki huyo utafika kwenye kijiji, na kutoka kijijini utafika kwenye siku ile waliyoondoka. Atafika mwenyewe, kwa mwendo wake, mikono ikiwa na kitu cha kushika.

Kwa hiyo usimkute mzee mikono mitupu. Kama alikuwa fundi wa vyombo, mletee keke na tezo, hata ya kuazima. Kama alishona kofia za vito, mpe kitambaa na sindano. Kumbukumbu ya mikono haipatikani kwa maswali ya mdomo peke yake. Atakwambia "unafanya hivi" na ile hivi ndiyo unayoitaka. Weka simu itazame vidole. Ikiwa uko Toronto au Muscat na mzee yuko Mtwara, mpigie kwa video, mpwa ashike simu karibu na kazi, nawe utulie, usikatize kila dakika kuuliza kama mtandao upo.

Muache aseme kwa lugha yake ya nyumbani. Kibajuni, Kimakonde, Kifuliiru, chochote kile, na majina ya sehemu za chombo uyaandike kama alivyoyatamka, bila kuyasafisha. Usimsahihishe tarehe. Akikuambia ilikuwa mwaka wa njaa fulani, andika hivyo hivyo. Muulize pia alipokosea, chombo gani kilipasuka, chungu gani kilivunjika tanuruni, maana fundi akielezea kosa hueleza kanuni yote iliyo nyuma yake. Muulize msimu na msitu, kwa sababu kazi nyingi zimekufa malighafi ilipokosekana kabla hata mafundi hawajaisha. Na umuulize, kabla hujaondoka, ni yapi kati ya hayo ni ya ukoo tu. Kuna ujuzi wa dawa, wa makafara ya kuzindua chombo, wa siri za nyumba, ambao haufai kurushwa mtandaoni ili watu wapige makofi. Akisema hili liishie hapa, liishie hapo.

Wako watakaosema hawana mzee wa namna hiyo. Babu alikuwa karani wa reli, bibi alikuwa muuguzi, mjomba alikuwa dereva wa lori kati ya Mombasa na Kampala. Vizuri sana. Muulize dereva huyo alivyoziba rejeta iliyotoboka porini, usiku, bila vipuri. Ukimaliza kucheka utakuwa na kurasa tano za historia ya Afrika Mashariki ambazo hakuna chuo kilichowahi kuziandika.

Walimu, nanyi nawaomba kipindi kimoja tu kwa muhula, mwalikeni fundi mmoja wa mtaani, na mmlipe. Tumezoea kumwita mzee shuleni siku ya sherehe, avae kanzu, aseme maneno mawili, apewe soda. Posho ya siku ya kazi anayoikosa ni haki yake. Madiwani na wenyeviti wa mitaa, mnapogawa maeneo ya biashara, kumbukeni kwamba mjenga mashua anahitaji kivuli na ufuko, na mfinyanzi anahitaji shimo la udongo, kabla havijazungushiwa ukuta wa hoteli.

Limebaki la vitu vyenyewe, vile vilivyo darini, uvunguni na stoo. Katika Cornwall, Uingereza, kuna shamba kubwa la ukoo wa Enys. Ndani ya banda lao ulikuwemo mtumbwi wa mbetula uliokwisha kuharibika sana. Familia ilijua kitu kimoja juu yake, nacho kilitosha: ulihusishwa na Luteni John Enys, aliyesafiri kutoka Falmouth mwaka 1776 kwenda kupigana Quebec. Kwa sababu ya jina hilo, wataalamu walijua pa kuanzia, na mwaka 2011 mtumbwi ule ukarejeshwa Kanada, Peterborough. Jina la mwanajeshi lilibaki; jina la fundi aliyeushona halikuandikwa na mtu, na halitapatikana.

Basi ukimaliza kuzungumza na mzee, ingia stoo. Chukua kinu, kibao cha mbuzi, ngoma, kafi, kofia, chochote ambacho bado kipo. Kata kipande cha karatasi ngumu, andika kwa penseli, maana wino hufifia: kimetengenezwa na nani, wapi, mwaka gani kwa kukisia, kwa mti au udongo wa wapi, kimetumiwa na nani. Jina la fundi liandike kwanza. Kifunge kwa uzi, usibandike kwa gundi. Kama mzee wa kukuambia ameshatangulia, nenda kwa aliyekuwa mwanafunzi wake au jirani waliyekuwa wakifanya kazi pamoja, maana ukichelewa, huyo naye hutampata. Jumamosi hii inatosha kuanza.